Niliita sampuli zangu za maabara majina ya kwetu, daftari likaangukia mikononi mwa polisi wa Kitale

Wakuu, heshima kwenu. Wazee shikamooni, vijana niaje.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama kuna mtu humu amewahi kumtaja mwenzake kwa polisi kwa sababu ya woga tu. Nilisoma majibu yote, kurasa nne. Kila mtu shujaa. Kila mtu "afadhali nife". Niliweka simu chini nikashindwa kumaliza chakula.

Mimi nilimtaja mtu.

Nimebadilisha majina, kwa sababu baadhi yao wako hai na ni majirani zangu. Mengine yote yako vile yalivyotokea, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Uzi ni mrefu kiasi, kama una kazi nenda urudi.

Mimi ni mtu wa upande wa Naitiri, Bungoma. Sekondari nilisoma miaka ya themanini, na aliyenifundisha kemia ni Mwalimu Barasa. Maabara yetu ilikuwa kabati moja na majiko mawili ya gesi, moja haliwaki. Lakini yule mzee alikuwa na jambo lake: fuwele. Aliyeyusha chumvi kwenye chupa ya jamu, akaning'iniza uzi ndani, akatuachia wiki nzima. Punje ikaota hapo kwenye uzi, kona zake zimenyooka kabisa.

Akatuuliza, "Nani amepima hizi kona? Kuna mtu aliingia na rula?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nililiwaza hilo swali mpaka likanipeleka chuo, na baadaye likanipeleka ng'ambo, nchi moja ya baridi ambayo sitaitaja, kusomea kemia ya vitu yabisi.

Sasa vumilieni kidogo nieleze nilichokuwa natengeneza, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyojichimbia shimo.

Kuna madini yanaitwa rare earth. Moja yao ni neodimiamu. Ukichukua oksaidi ya neodimiamu, ukaisaga pamoja na unga wa alumini iliyoungana na naitrojeni, ukaweka kwenye tanuri la nyuzi elfu moja mia tatu na hamsini, huku unapitisha gesi ya naitrojeni ili hewa ya kawaida isiingie, unapata unga mpya. Ndani yake kuna neodimiamu, alumini, oksijeni na naitrojeni, zote kwenye fuwele moja.

Fuwele hiyo ina matabaka. Tabaka la alumini, kila moja imezungukwa na majirani sita, halafu neodimiamu zinakaa katikati, halafu tabaka lingine. Fikiria chapati zilizopangwa na karatasi katikati yake ili zisishikane. Ndivyo ilivyo, ila huwezi kuiona kwa macho.

Maswali yangu yalikuwa mawili. La kwanza, katika wale majirani sita wa alumini, naitrojeni amekaa upande gani? Hapa eksirei haikusaidii sana, maana eksirei inaona elektroni, na oksijeni anazo nane, naitrojeni saba. Kwa eksirei hao ni kama pacha. Ili uwatenganishe lazima upige sampuli na nyutroni, na nyutroni unazipata kwenye riakta ya nyuklia. Kumbukeni hilo neno, riakta, linakuja.

La pili, sumaku. Kila atomu ya neodimiamu ni kijisumaku. Tulitaka kujua ukizipoza sana, baridi ambayo hata barafu ni moto mbele yake, hivyo vijisumaku vitaelekea upande mmoja au vitapeana mgongo.

Basi. Hiyo ndiyo kazi iliyokaribia kunimaliza.

Sasa ujinga wangu.

Wenzangu kule maabara waliziita sampuli zao kwa namba. A1, A2, A3. Mimi nilikuwa na upweke, wakuu, upweke ambao siwezi kuwaelezea. Miezi miwili hujasikia mtu akikusalimia kwa lugha yako. Kwa hiyo kila sampuli niliyotoa kwenye tanuri niliipa jina la kwetu, mara nyingi la mahali. Na daftari niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo nilipata nafasi ya kuongea Kiswahili na mtu, hata kama mtu huyo ni mimi.

Ukurasa mmoja naukumbuka wote:

Suam. 1350, saa 12. Imepasuka.

Kipsongo. 1350, saa 24. Chafu, rudia.

Kiminini. Safi.

Naitiri. Safi kabisa, tayari.

Barasa. Bora kuliko wote. Huyu ndiye apelekwe riakta.

"Imepasuka" ni mrija wa tanuri uliopata ufa. "Chafu" ni mistari ya eksirei ilikuwa na takataka za kitu kingine. Na ile sampuli bora niliipa jina la mwalimu wangu, kumheshimu.

Ningeandika kwa Kiingereza, mtu yeyote angeona ni masomo. Nilivyoandika mimi, soma tena huo ukurasa ukiwa polisi.

Nilirudi nyumbani katikati ya miaka ya tisini. Waliokuwa huko kwetu wakati ule wanajua hali ilivyokuwa. Kila siku tetesi: kuna vijana wanafundishwa vita ng'ambo ya mpaka, wanaingilia Suam pale mpakani, wanajificha kwenye mahindi upande wa Bungoma. Mimi sikuona hata mmoja. Nilichoona ni watu wakichukuliwa. Mtu anatoka kukamua ng'ombe, Landrover inakuja, kesho mke wake anauliza vituo vyote na kila kituo kinasema hakimjui. Watu waliacha kusalimiana kwa majina barabarani.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Kitale nikingoja nafasi ya kufundisha. Siku moja asubuhi niliazima baiskeli ya shemeji nikasema nateremka Naitiri kumwona Mwalimu Barasa. Nilitaka aone jina lake kwenye kazi yangu. Nilifunga kwenye kiti cha nyuma mkoba wenye daftari, na vichupa vitano vya ule unga.

Hivyo vichupa nivieleze. Ni mirija midogo ya glasi, urefu wa kidole. Unga ukiwa ndani, unajaza naitrojeni, halafu unayeyusha mdomo wa glasi kwa moto mpaka uzibe kabisa, ili unyevu usiingie. Kichupa chenyewe hakina kifuniko. Ukitaka kukifungua, unakivunja.

Sijafika hata nusu ya safari nikakuta kizuizi. Magogo barabarani, askari sita, na mtu mmoja amevaa kaunda suti ya kijivu ameketi kwenye kiti chini ya mwavuli, anakunywa soda. Baadaye ndio nilijua yeye ndiye mkubwa wao. Nitamwita Afande wa kijivu, jina lake halisi sikulijua hadi leo.

Askari alifungua mkoba akatoa kichupa, akakitingisha.

"Hii ni nini?"

"Ni sampuli, afande. Ni ya masomo."

"Kifuniko iko wapi?"

"Haina kifuniko."

Alikirudisha mkobani polepole sana. Halafu akafungua daftari. Niliona midomo yake ikisoma: Suam, Kipsongo, Kiminini, Naitiri. Aliita, "Afande, kuja uone hii." Hapo nilisoma ule ukurasa kwa macho yake, kwa mara ya kwanza.

Walinirusha kwenye Landrover, baiskeli wakaiacha pale pale kwenye mtaro. Wakanirudisha Kitale, kwenye ofisi moja ambayo haikuwa na bango lolote nje.

Ofisi yenyewe ilikuwa na giza mchana, wamewasha taa ya tube. Afande wa kijivu alipanga vichupa vyangu juu ya meza, kimoja kimoja, kwa heshima, akakaa mbali navyo. Hakunipiga, na sitamsingizia. Alikuwa na sauti ya upole ya mtu anayekuuliza habari za watoto, na hiyo iliniogopesha kuliko kofi.

"Suam, elfu moja mia tatu na hamsini, saa kumi na mbili. Hiyo ni watu ama ni bunduki?"

"Ni nyuzi za joto, afande."

"Saa kumi na mbili asubuhi ama jioni?"

"Si saa za siku. Ni muda wa kuchoma."

"Kuchoma nini huko Suam?"

Wakuu, mnaona? Kila jibu langu la kweli lilikuwa linanizamisha. Nikasema naitrojeni, akasema naitrojeni si ndio iko kwa mbolea, na mbolea si inalipuka. Nikajaribu kumwambia hii ni nyingine, akaandika. Kila nilichosema aliandika.

Halafu akafika kwenye riakta. Akalitamka polepole. "Huyu ndiye apelekwe riakta. Si hiyo ndio ya bomu ya nyuklia?"

Nilianza kueleza nyutroni. Nilieleza eksirei, elektroni nane na saba, nilichora na kidole mezani. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mwanamke aliyefiwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

Akachukua kichupa kimoja kwa kitambaa akaenda nacho dirishani kuangalia vizuri. Pale kwenye jua ule unga ulikuwa zambarau hafifu. Akarudi nacho chini ya taa ya tube, ukageuka samawati.

Aliruka nyuma akagonga kabati. Askari mlangoni alishika bunduki.

"Inabadilika! Umefanya nini?"

Sikufanya kitu. Neodimiamu ndivyo ilivyo, inakula rangi fulani za mwanga, na mwanga wa tube si sawa na wa jua, kwa hiyo jicho linaona tofauti. Kule maabara tulikuwa tunaichezea hiyo kama mchezo wa watoto. Lakini nenda ukamwambie hivyo mtu ambaye ameshaamini umebeba bomu. Nilisema, akaniangalia tu, nikajua sasa hata ukweli wangu unanuka uchawi.

Alikaa, akajipangusa jasho, akafunga daftari. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Kijana, hayo mambo ya sumaku weka kando. Mimi nauliza kitu moja tu. Barasa ni nani?"

Nikasema ni jina la sampuli.

"Barasa ni jina ya mtu."

Akafungua tena daftari.

"Bora kuliko wote," akasoma. "Ni bora kufanya nini?"

Hapo kulikuwa na saa ukutani. Nikaiangalia na sikuweza kuisoma. Nilifikiria wale wanawake wanaozunguka vituoni na picha za waume zao. Nilifikiria dada yangu akizunguka na yangu, ile ya pasipoti nimevaa sweta.

Akasema, "Wenzako Bungoma wameshaongea. Wewe ndio umebaki."

Sikuwa na wenzangu Bungoma. Nilijua anadanganya. Na bado nilisema.

Nilisema ni mwalimu wangu. Nilisema anakaa Naitiri. Akanisukumia karatasi na kalamu nikachora njia: soko, posho mill ya kusagia mahindi, kanisa, geti la pili lenye rangi ya bluu. Nilichora haraka kabla hajabadilisha mawazo. Nilijiambia Mwalimu ataeleza vizuri kuliko mimi, yeye ni mtu mzima, watamheshimu, na yeye anajua fuwele. Hicho ndicho nilichojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka huo mzigo wa macho yake utoke kwangu uende kwa mtu mwingine, yeyote.

Akaweka sahihi yangu chini, yaani mimi nikaweka. Landrover ikatoka.

Niliwekwa seli. Usiku huo sitauelezea, hauna hadithi.

Asubuhi wakanitoa. Afande wa kijivu hakuwa na maabara ya kupeleka vile vichupa karibu, na Nairobi ni mbali. Mtu akamshauri wavichome. Kama ni baruti italipuka, kama si baruti haitalipuka. Na mahali pekee palipokuwa na moto mkali ni gereji ya kuchomelea vyuma.

Mwenyewe alikuwa Kalasinga mmoja wa kilemba, fundi Gurdev, babu yake alikuja enzi za reli. Alizaliwa hapo hapo Kitale, na Kibukusu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili cha wale askari. Walifika kwake wakamwambia watu wake wote watoke. Wakajipanga nyuma ya lori bovu, bunduki zimeelekezwa kwangu. Mimi na Gurdev tukabaki katikati ya uwanja.

Afande wa kijivu akapaza sauti kutoka nyuma ya lori. "Wewe kijana ndio utashika na koleo. Fundi atachoma."

Wakanipa koleo na kichupa. Kimezibwa.

Wakuu, hapo ndipo nilihisi mkojo. Kwa sababu ule unga haulipuki kamwe, ungeuchoma hadi kesho. Lakini kichupa kimezibwa kina gesi ndani. Ukikipiga moto, gesi inatanuka, haina pa kutokea, glasi inapasuka, pwaa! Na wale askari sita vidole viko kwenye triga, wanasubiri mlio mmoja tu. Hawangeuliza kama ni glasi au ni baruti.

Nikapiga kelele, "Afande, tuvunje kwanza! Tuvunje ndio tuchome!"

"Usivunje! Ukivunja ile gesi itoke ituue sisi sote! Choma!"

Nikaeleza. Hakuna aliyesikiliza. Kadiri nilivyoomba kivunjwe ndivyo walivyozidi kuamini kwamba sumu iko ndani na mimi nataka kuitoa. Gurdev alikuwa tayari amewasha moto, ule wa bluu unaopiga kelele kama nyuki. Alikuwa anausogeza karibu.

Akaangalia mkononi mwangu. Akasimama.

"Hii imefungwa?" akaniuliza.

"Imefungwa, mzee."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Akafunga gesi. Moto ukazimika.

"Afande," akasema, "mimi sichomi kitu imefungwa."

"Ni amri!"

"Amri yako nimesikia." Akakunja mkono wa shati. Kuanzia kiwiko hadi kifundo ngozi ilikuwa imekunjamana. "Hii ni drum ya dizeli. Ilikuwa tupu, lakini ilikuwa imefungwa. Fundi yangu alichoma mbele yangu. Mimi nilibaki na hii, yeye hakubaki na kitu. Hapa kwangu tenki, drum, chupa, kitu yoyote ikifungwa inafunguliwa kwanza. Hata ikiwa ya Rais."

"Nitakuweka ndani!"

Gurdev alitembea hadi nyuma ya lori, mzee wa watu, akamnyooshea Afande ile bomba ya moto pamoja na miwani.

"Basi choma wewe."

Afande wa kijivu aliangalia ile bomba, akaangalia kichupa mkononi mwangu. Hakunyoosha mkono kuipokea, nikajua na yeye anaogopa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitisha zaidi badala ya kunipa moyo.

Mwishowe akasema, "Fungua. Polepole."

Gurdev alichukua tupa akakwaruza shingo ya kichupa mara tatu, akakifunika kwa tambara, akavunja. Kak. Basi. Hakuna moshi, hakuna harufu. Akamwaga unga juu ya tofali, akawasha moto upya, akauchoma mpaka tofali lenyewe likawa jekundu.

Unga ukang'aa, ukapoa, ukawa umefifia rangi. Ni hivyo tu. Kazi yangu ya miezi minne.

Afande alitoka nyuma ya lori na daftari. "Umeandika sumaku hapa." Akaokota sumaku ya spika kwenye takataka za Gurdev, akaipitisha juu ya unga wa kichupa kingine tulichovunja. Haukusogea hata punje. "Sumaku iko wapi? Umedanganya."

Nikamwambia kila atomu ni sumaku, lakini joto linazitikisa, kila moja inaangalia kwake, kama darasa lisilo na mwalimu. Mpaka uzipoze sana sana, na hata nilipozipoza mimi hazikukubaliana.

Gurdev akacheka, kicheko cha kwanza nilichosikia kwa siku mbili. "Yaani kijana, umeenda ulaya yote hiyo kutengeneza sumaku haishiki msumari?"

Hata askari wawili walicheka. Hapo nikajua nimepona. Huwezi kumpiga risasi mtu ambaye umetoka kumcheka.

Afande aliniambia niende, nisitoke Kitale bila ruhusa. Daftari alibaki nalo, na vichupa vitatu.

Nikamuuliza, "Na Mwalimu, afande? Mwalimu Barasa?"

Akaniangalia.

"Mwalimu gani?" akasema.

Nilienda kwa dada yangu nikalala kitandani na viatu. Sikwenda Naitiri. Ningeweza kwenda na mke wa Mwalimu kuuliza vituoni, ningeweza hata kuwaambia watu ni wapi niliwekwa. Nilikuwa najua ile ofisi isiyo na bango, pengine ni mimi peke yangu kijiji kizima niliyeijua. Nilikaa kimya nikisikiliza kila gari linalopita nje.

Walimkosa nyumbani wakamchukua shuleni, nilisikia baadaye, akiwa anafundisha. Alikaa wiki tatu. Walipomwachilia walimshusha njia panda ya Webuye akatembea.

Nilikwenda kumwona mwezi uliofuata. Alikuwa amekonda shingo imebaki kamba, na chaki haikukaa tena mkononi, mkono unatetemeka. Aliacha kufundisha mwaka ule ule. Nikamwambia, "Mwalimu, waliona jina lako kwenye daftari langu." Ni kweli waliliona. Nikaishia hapo. Akaniambia, "Pole sana kijana wangu, na wewe umeteseka."

Pole. Mimi!

Niliibeba hiyo pole miaka na miaka. Nikafundisha, nikaoa, nikastaafu. Kila tukikutana ananitambulisha kwa watu, "Huyu ni mwanafunzi wangu, alitengeneza fuwele na kuipa jina langu." Nami natabasamu.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikaenda kwake. Sasa ni mzee sana, macho yameingia ukungu, lakini akili iko sawa. Mke wake alituletea chai akatuacha. Nikamwambia yote. Ofisi, saa ukutani, karatasi, geti la bluu, sahihi. Nililia, sioni aibu kusema.

Mwalimu akanisogezea kikombe changu cha chai.

"Hiyo ramani niliiona," akasema. "Walinionyesha siku ya kwanza. Naujua mwandiko wako tangu Form One."

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Ningekuambia nini? Wewe uliwapa jina moja." Akashika kikombe kwa mikono miwili ili kisimwagike. "Mimi niliwapa mawili."

Sikuuliza ni ya nani. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, nikaogopa. Alisema tu, "Mmoja alirudi," halafu akaomba nimfungie dirisha, baridi inaingia.

Nimejifunza nini? Wakuu, nilidhani woga wangu ulikuwa dhambi yangu peke yangu, imekaa ndani yangu, siku nikitubu itaisha. Kumbe ulitoka kwangu siku ile ile, ukapanda Landrover, ukafika kwa Mwalimu, na kutoka kwake ukaenda kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina langu. Nikipita sokoni Naitiri sasa naangalia nyumba, nashindwa kujua nisalimie wapi.

Karibuni mchangie. Mnitukane pia mkitaka, nitasoma yote na sitajibu kwa hasira. Ila wale wa "mimi nisingemtaja mtu", naomba muandike mkikumbuka kwamba hata mimi, asubuhi ile nikifunga mkoba kwenye baiskeli, nisingemtaja.

Na kama baba yako au kaka yako alichukuliwa upande wa kwetu miaka ile, na mpaka leo nyumbani hamjui nani alimtaja, niandikie pembeni. Sina jina la kukupa zaidi ya langu.